Kuiona ABCA4 kwenye retina: mwongozo kwa anayeshika kingamwili ya Rim 3F4 kwa mara ya kwanza

Swali la kwanza huwa hili: "Nimefanya kila kitu, mbona karatasi ni nyeupe tu?" La pili huja siku mbili baadaye: "Sasa nimepata mstari, lakini uko chini, kwenye kDa 50. Ndio wenyewe?" La tatu ni la picha: "Kila kitu kinawaka. Nitajuaje ipi ni ABCA4?" Nimeyajibu maswali haya mara nyingi, kwa simu na pembeni ya jeli inayokimbia, na kila muhula yanarudi na mwanafunzi mwingine. Basi nimeyaweka yote hapa.

Tutaanza na westani bloti, yaani kutenganisha protini kwa uzito kwenye jeli, kuzihamishia kwenye karatasi na kuitafuta yetu kwa kingamwili, kisha ndipo picha za fluoresensi. Tafadhali usigeuze mpangilio huo. Bloti inakuonyesha kingamwili yako imeshika protini ya uzito gani. Picha haina uwezo huo, na picha ya kuvutia inaweza kukupotosha mwaka mzima.

Unachokitafuta

ABCA4 ni protini inayosafirisha mabaki ya retinali ndani ya seli zinazopokea mwanga, yaani seli fito na seli koni. Inakaa kwenye ukingo wa visahani vilivyopangana katika sehemu ya nje ya seli hizo, na ndiyo maana zamani iliitwa protini ya ukingo, na jina la kingamwili likabaki na neno Rim. Kazi yake ni kuhamisha mafuta yaliyoshikana na retinali kutoka ndani ya kisahani kwenda nje yake, ili retinali isafishwe. Isipofanya kazi, mabaki yanarundikana, tabaka la RPE lililo nyuma ya seli hizo linaelemewa, na mtu anaanza kupoteza uoni wa katikati akiwa bado kijana. Huo ni ugonjwa wa Stargardt. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1997.

Kwa kazi ya mezani, kumbuka mambo mawili tu. Protini hii ni kubwa: amino asidi 2,273 kwa binadamu, uzito wa kama kilodaltoni (kDa) 256. Na inapita ndani ya utando wa seli mara 12, kwa hiyo haipendi maji na haipendi joto. Karibu makosa yote nitakayoyataja yanatokana na mambo hayo mawili.

Kwanza hakikisha umeagiza kitu sahihi

Rim 3F4 ni kingamwili ya monokloni iliyotoka katika maabara ya Robert Molday, Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver. Ilitengenezwa kwa kutumia retina ya ng'ombe, na inashika kipande kifupi karibu na mwisho wa protini, upande wa C.

Sasa sikiliza vizuri. Kuna kingamwili nyingine maarufu sana inayoitwa 3F4, na hiyo inashika protini ya prioni. Haihusiani kabisa na retina. Ukiandika "3F4" peke yake kwenye fomu ya manunuzi, unaweza kuletewa ya prioni, na utaona mistari mizuri kabisa chini ya kDa 40 huku ukijiuliza ABCA4 imekuwaje fupi. Kwenye fomu andika "ABCA4, kloni 3F4", na kichupa kikifika soma lebo kabla hujakiweka kwenye friji.

Jambo lingine linalotokana na mahali inaposhika: protini iliyokatika kabla ya kufika mwisho, kwa mfano kwa sababu ya mabadiliko ya jeni yanayosimamisha usomaji mapema, haitaonekana kwa 3F4 hata kama kipande cha mwanzo kipo. Ukiona njia tupu, yaani safu ya sampuli kwenye jeli isiyo na mstari, usiandike kwamba protini haipo. Andika kwamba mwisho wake haukuonekana, kisha tafuta kingamwili ya pili inayoshika sehemu ya mwanzo.

Andaa hivi vyote kabla ya kugusa jicho

- Kingamwili ya Rim 3F4, imegawanywa kwenye vichupa vidogo vidogo. Usiigandishe na kuiyeyusha mara kwa mara.
- Kingamwili ya pili dhidi ya IgG ya panya (Rim 3F4 ni kingamwili ya panya, na IgG ndiyo aina yake): moja yenye kimeng'enya cha HRP kwa bloti, nyingine yenye rangi ya fluoresensi kwa picha.
- Bafa ya kuyeyushia: Tris 50 mM pH 7.4, NaCl 150 mM, Triton X-100 1%, SDS 0.1%, pamoja na vizuizi vya proteasi vinavyowekwa siku ile ile.
- Jeli ya asilimia 4–12, au ya Tris-asetati ya 3–8. Jeli ya asilimia 12 uliyozoea kwa protini ndogo iache kabatini.
- Maka ya uzito inayofika kDa 250. Maka nyingi za bei nafuu zinaishia 180, na hapo utakuwa unakisia.
- Karatasi ya PVDF, methanoli, rangi ya Ponceau S, maziwa ya unga yasiyo na mafuta, Tween-20.
- Sampuli za kulinganishia. Hizi zinastahili maelezo yao.

Sampuli ya "ndiyo" ni retina ya kawaida. Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam, rahisi kuliko zote ni jicho la ng'ombe kutoka machinjioni. Ongea na mkaguzi wa nyama, nenda alfajiri ukiwa na chombo chenye barafu, vaa glovu. Ukikata jicho kwa kuzunguka nyuma kidogo ya konea na kumwaga ute, utaona upande wa nyuma unang'aa kibuluu na kijani. Hilo ni tabaka linaloakisi mwanga. Juu yake kumelala kitu chepesi, cheupe chenye wekundu wa mbali, kinachojikunja ukikigusa kama utando wa maziwa yaliyochemka na kupoa. Ndiyo retina. Imeshikiliwa zaidi pale mshipa wa neva unapotokea; ikate hapo, nayo itatoka nzima.

Sampuli ya "hapana" bora kuliko zote ni retina ya panya aliyeondolewa jeni ya Abca4. Usipokuwa naye, tumia seli za HEK293, seli za binadamu zinazokuzwa maabara: sahani moja uliyoiwekea jeni ya ABCA4, na sahani nyingine uliyoiwekea plasmidi tupu. Seli hizi zenyewe hazitengenezi ABCA4 ya kuonekana kwenye bloti, kwa hiyo tofauti ya sahani mbili hizo ni ushahidi wako. Bila sampuli ya "hapana" usianze. Nasema hivi kwa sababu nimeona kazi ya miezi ikikataliwa kwa kukosa njia moja tu kwenye jeli.

Hatua za bloti

1. Fanya kazi juu ya barafu. Retina moja ya panya iweke kwenye bafa µl 100. Ya ng'ombe, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo kinatosha kwa µl 500. Vunja kwa kijiti cha plastiki, kisha pitisha kwenye sindano nyembamba kama ya insulini mara kumi hivi, ili DNA isiifanye sampuli ivutike kama ute wa bamia.

2. Acha barafuni dakika 30. Zungusha kwenye sentrifuji kwa g 14,000, dakika 15, nyuzi 4. Chukua maji ya juu. Usitupe mashapo ya siku ya kwanza; yagandishe. Kama baadaye hupati mstari, huenda protini ilibaki humo.

3. Pima kiasi cha protini kwa BCA, kipimo cha kubadilika rangi. Lenga µg 10 hadi 20 kwa kila njia.

4. Changanya na bafa ya kupakia yenye SDS na DTT. Usichemshe. Iache kwenye joto la chumba dakika 30, au nyuzi 37 kwa dakika 15, basi.

   Nasimama kidogo hapa. Maabara nyingi zina zoea la kuweka kila sampuli kwenye nyuzi 95 kwa dakika 5. Kwa protini inayoyeyuka kwenye maji hakuna shida. Kwa protini yenye mapito 12 ndani ya utando, joto hilo linaifungua, sehemu zinazochukia maji zinakumbatiana, na linakuwa bonge lisiloweza kuingia kwenye jeli. Mimi mwenyewe nilipoteza wiki tatu hivyo nilipoanza. Nilibadilisha kingamwili, nikabadilisha bafa, nikaongeza sampuli. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote: mstari mwembamba mweusi juu kabisa ya picha, pale pale kwenye shimo nilipopakia. Nilikuwa naukata kila nilipoandaa picha, nikidhani ni uchafu. Usikate juu ya picha yako. Rodopsini, protini ya seli fito inayonasa mwanga, nayo ina tabia hiyo hiyo, kwa hiyo kama utaipima kutoka kwenye sampuli hizi, sababu ya kutochemsha inakuwa mara mbili.

5. Pakia kwa mpangilio huu: maka, retina ya kawaida, sampuli ya "hapana", HEK yenye ABCA4, HEK tupu, kisha sampuli zako. Acha njia moja tupu kati ya HEK yenye ABCA4 na jirani yake. Sampuli hiyo huwa na nguvu sana, na tone likivuka litakuletea mstari mahali pasipostahili.

6. Kimbiza kwa volti 100 hadi rangi ya chini ikaribie kutoka. Usiharakishe kwa volti 200. Jeli ikipata joto mistari inapinda kama tabasamu.

7. Hamishia kwenye PVDF iliyoloweshwa kwanza kwenye methanoli. Tumia tanki lenye bafa, si mashine za kuhamisha za dakika saba. Kwenye bafa punguza methanoli hadi asilimia 10, maana methanoli nyingi inabana jeli na protini kubwa inakwama ndani. Volti 30, usiku kucha, nyuzi 4.

8. Asubuhi, mwagia Ponceau S dakika 2 na suuza kwa maji. Angalia sehemu ya juu ya 150. Kama hapo ni peupe huku chini kumejaa wekundu, uhamishaji umeshindwa. Usipoteze kingamwili, rudi hatua ya 7. Piga picha ya Ponceau kabla hujaifuta.

9. Ziba nafasi tupu kwa maziwa asilimia 5 ndani ya TBS yenye Tween-20 asilimia 0.1, saa 1, juu ya mashine ya kutikisa.

10. Loweka kwenye Rim 3F4. Iliyosafishwa, anza na 1:1,000. Ukipewa maji ya kukuzia seli moja kwa moja, ambayo hayajasafishwa, anza na 1:50. Usiku kucha, nyuzi 4.

11. Suuza mara 3, dakika 10 kila moja. Kingamwili ya pili yenye HRP 1:10,000, saa 1. Suuza tena mara 3. Angalizo: usiweke azidi ya sodiamu kwenye maji yoyote yatakayokutana na HRP, kwa sababu inaua kimeng'enya na karatasi itabaki nyeupe pee.

12. Weka dawa ya kutoa mwanga na piga picha za sekunde 5, 30 na 120. Picha ya muda mfupi ndiyo utakayoitumia kupima kiasi. Ile ya dakika mbili ni ya kujua tu kama kuna kitu kimejificha.

Unachotarajia ni mstari mkuu kati ya 220 na 250 kwenye retina na kwenye HEK yenye ABCA4, na utupu kwenye njia za "hapana". Ukiona mstari mwingine karibu na 120, mara nyingi protini imekatwa katikati na proteasi, nawe unaona nusu ya mwisho. Hiyo inasema sampuli ilikaa nje ya barafu.

Kuhusu protini ya kulinganishia kiasi, hapa nina msimamo. Aktini haitoshi kwa retina inayougua. Seli zinazopokea mwanga zikifa, ABCA4 inapungua kwa sababu makazi yake yamepungua, wakati aktini inaendelea kutoka kwenye seli zingine zote za retina. Utaandika kwamba ABCA4 imeshuka, kumbe kilichoshuka ni idadi ya seli. Pima pia rodopsini kwa kingamwili ya 1D4, kwenye jeli ya pili ya sampuli zile zile, na utoe uwiano wa ABCA4 kwa rodopsini. Namba hiyo ndiyo yenye maana.

Hatua za picha

Bloti ikishakubali, na si kabla, endelea.

1. Toa jicho, toboa konea, weka kwenye paraformaldehaidi asilimia 4 dakika 15. Kata na kuondoa konea na lenzi, rudisha kikombe cha jicho kwenye paraformaldehaidi dakika 30 zaidi. Fanya ndani ya kabati la kuvuta hewa. Ukikiacha usiku kucha, kipande ambacho 3F4 inakitafuta kinaweza kufunikwa.

2. Usibandue retina kutoka kwenye RPE. Sehemu za nje za seli fito zinakatika kwa kuguswa tu, na ABCA4 iko huko. Mwanafunzi anayebandua retina kwa pupa anaiacha ABCA4 yake kwenye sahani.

3. Suuza, weka kwenye sukrosi asilimia 30 hadi kikombe kizame, zamisha kwenye OCT, ute wa kugandishia tishu, na ugandishe. Kata kwa kriostati, mikroni 10 hadi 12.

4. Ziba kwa seramu ya mbuzi asilimia 10 yenye Triton X-100 asilimia 0.2, saa 1. Usiiruke Triton: mwisho wa ABCA4 uko ndani ya seli, na kingamwili haiwezi kufika huko bila mlango.

5. Weka Rim 3F4 kwa viwango vitatu, 1:100, 1:300 na 1:1,000, kila kimoja kwenye slaidi yake. Usiku kucha, nyuzi 4, ndani ya kisanduku chenye kitambaa kibichi. Vipande vya retina vikikauka, anza upya.

6. Suuza, weka kingamwili ya pili yenye rangi ya 647, ongeza DAPI, rangi ya viini vya seli, funika. Ukitaka kutofautisha koni, lektini ya karanga yenye rangi nyingine inazionyesha vizuri.

7. Kila mara uwe na slaidi tatu za ziada: isiyo na kingamwili ya kwanza, isiyo na rangi yoyote, na ya panya asiye na Abca4. Zipige zote kwa mipangilio ile ile ya hadubini.

Mbona 647, wakati kijani ndiyo kila mtu anayo? Kwa sababu RPE inawaka yenyewe. Lipofusini iliyomo inatoa mwanga mpana kutoka kijani hadi chungwa, na panya asiye na Abca4 ana lipofusini nyingi zaidi kuliko wa kawaida. Yaani sampuli yako ya "hapana" itawaka kuliko ya "ndiyo". Kwenye rangi nyekundu ya mbali shida hiyo inapungua sana.

ABCA4 ya kweli inaonekana kama mkanda kwenye sehemu za nje, juu ya viini vya seli zinazopokea mwanga. Tabaka za ndani za retina zinapaswa kubaki giza.

Mambo yakikwama

*Karatasi nyeupe kabisa, hata retina ya kawaida haionekani.* Tazama Ponceau kwanza. Kama protini kubwa zilihama, jiulize kuhusu azidi, kisha weka tone la kingamwili ya kwanza moja kwa moja kwenye kipande cha PVDF na uendelee na kingamwili ya pili. Tone lisipowaka, tatizo ni la kingamwili ya pili au dawa ya mwanga.

*Weusi kwenye shimo, hakuna kitu 250.* Sampuli imepata joto. Muulize kila aliyeishika, maana kuna msaidizi mwema aliyeichemsha kwa mazoea. Sampuli iliyochemshwa haiokoleki, tengeneza nyingine.

*Mistari kwenye 50 na 25, kwenye tishu ya panya.* Hizo ni IgG za panya mwenyewe, mnyororo mzito na mwepesi. Rim 3F4 ni ya panya, na kingamwili ya pili haibagui ya kwako na ya mnyama. Kwenye bloti hazikusumbui, ziko mbali na 250, ziache zionekane. Kwenye picha ndipo zinaumiza, hasa kwenye mishipa ya damu. Ziba kwanza kwa vipande vya Fab dhidi ya IgG ya panya, au tumia kingamwili ya pili inayoshika aina ndogo ya IgG iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya kichupa chako. Retina ya ng'ombe haina tatizo hili.

*HEK inaonyesha mstari, retina haionyeshi.* Kingamwili ni nzima. Sampuli ya retina ndiyo yenye shida. Mara nyingi sehemu za nje zilibaki kwenye RPE wakati wa kubandua. Pima rodopsini kwenye sampuli hiyo hiyo. Ikiwa nayo imepungua, umepata jibu.

*Retina inaonyesha, HEK haionyeshi.* Jeni haikuingia, au imeingia ikiwa na kosa la usomaji kabla ya mwisho, na 3F4 haina cha kushika. Peleka plasmidi ikasomwe mfuatano wake wote.

*Jana ilifanya kazi, leo imegoma.* Linganisha namba ya loti ya kichupa cha leo na cha jana. Kila ukifungua kichupa kipya, kimbiza jeli moja ndogo yenye retina ya ng'ombe na HEK tupu kabla hujakitumia kwenye sampuli usizoweza kuzipata tena, na uandike loti, tarehe na kiwango ulichotumia kwenye daftari la benchi, si kwenye kipande cha karatasi ulichobandika mlangoni mwa friza.